Sauti ya Kuingilia Langoni

Kwetu mtu haingii kimya kimya. Ukitoka Sumbawanga kwa barabara ya Namanyere, ukashuka njia panda na kutembea mpaka upepo wa Ufipa uyachoshe masikio yako, utakuta kijiji kama vijiji vingine: nyumba za matofali mabichi, vihenge vya mahindi, kanisa la kigango lenye bati lililoanza kushika kutu. Mgeni hawezi kujua kwamba zamani hapo palikuwa mji, tena mji wa Mwene, mtawala wa Wafipa, na kwamba ulizungushiwa ngome ya miti na handaki lenye kina kuzidi kimo cha mtu. Ngome ilishaliwa na mchwa. Handaki limejaa majani, mbuzi wanashukia upande huu na kutokea ule. Kilichobaki kizima ni lango.

Usifikirie lango la chuma. Ni mikuyu miwili. Watu wa Mwene walichimbia nguzo mbili mbichi, nguzo zikakataa kufa, zikatoa mizizi, zikawa miti. Njia inapita katikati yake, na ndiyo njia ya watu. Ng'ombe na mbuzi wapite watakapo.

Hadithi ya lango niliisikia kabla sijajua kusema. Wanasema walikuja Wangoni kuteka. Watu wote wakakimbia, Mwene naye akakimbia na kiti chake kikabebwa, wakabaki walinzi wawili wa lango, mtu na mkewe, kwa sababu mke alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza kukimbia. Waliokimbia waliporudi, Wangoni hawapo na walinzi hawapo. Lango limefungwa vile vile. Mtoto mchanga yuko chini katikati ya nguzo analia, na kwenye kila nguzo amejiviringisha chatu. Chatu wale hawakuwa na macho. Waliokuwa wakiwaendea kimya walitishwa. Mmoja alipopaza sauti akasema mimi ni fulani, wakalaza vichwa. Tangu hapo ndio wenye lango. Hakuna aliyewahi kuwaona kwa macho yake, ila kila mtu ana shangazi aliyewaona.

Basi kwa kuwa hawaoni, sisi tunajitaja. Ukienda safari unasimama katikati ya mikuyu unasema: ni mimi wa nyumba fulani, natoka. Ukirudi unasema: ni mimi, nimerudi. Hata katekista wetu, ambaye kila Jumapili anatukanya tusiabudu miti, akifika pale anakohoa kwa nguvu. Ukimwuliza anasema ni kifua.

Mtoto aliyezaliwa zahanati, mama yake akirudi naye mgongoni anasimama langoni na bibi mwenye kulitunza anamfinya mtoto paja mpaka alie. Wenye lango wakishasikia kilio chake, ni mtu wa humu. Aliyefia nje hapiti langoni kabisa. Anapitishwa kwenye pengo la handaki upande wa machweo, na mama yake, au ndugu wa karibu, anakwenda kwenye mikuyu kusema neno moja tu: msimsubiri tena.

Neno hilo mama yangu alilisema juu ya dada yangu.

Dada alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mimi wa mwisho, na waliokuwa katikati hawakukaa. Nilipomaliza la saba, jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa, nikabaki msichana wa kulima ulezi na kuota ndoto. Niliota hoteli ya chai pale Chanji, mjini Sumbawanga: viti vya plastiki, chapati za kukunja, ubao mlangoni nilioupaka rangi mwenyewe. Jina la hoteli nilibadilisha kila wiki. Dada ndiye peke yake aliyesikiliza bila kucheka. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ushirika ulikuwa umeacha kuja kununua mahindi, wafanyabiashara wa malori wakaja wao wakapanga bei wanavyotaka, na mbolea ikawa kitu cha kuangalia dukani. Ila mitumba ilijaa, vitenge vya Zambia vikajaa, na mtu mwenye miguu na mdomo angeweza kufanya biashara bila kuulizwa kibali. Dada alikuwa na vyote viwili. Akasema anakwenda Tunduma, mpakani.

Siku ya kuondoka alisimama katikati ya mikuyu akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Ni mimi natoka! Na msije mkajifanya hamnijui nikirudi nimenenepa!"

Bibi wa lango, shangazi yake baba, alimtupia kuyu bichi. "Mtoto huna adabu wewe. Wenyewe hawana macho lakini masikio wanayo."

"Ndiyo maana nawapa kitu cha kusikia, bibi."

Miaka miwili ya kwanza salamu zilikuja, na kitenge kwa mama, na raba kwangu. Halafu kimya. Halafu baba alikwenda sokoni Sumbawanga kuuza maharage, na muuza mitumba mmoja aliyekuwa akichukua mzigo Tunduma akamwambia: pole mzee. Mwenye nyumba aliyempangisha dada alikuwa amewaambia watu kwamba mpangaji wake aliugua, akapelekwa hospitali Mbeya, akafia huko na kuzikwa na manispaa. Chumba alikuwa ameshampa mtu mwingine. Baba hakuwa na nauli ya kwenda Mbeya kuuliza kaburi, na hata angekuwa nayo, angemwuliza nani? Alirudi na maharage yake nusu gunia. Alisahau kuyauza.

Tukaweka matanga. Watu walilala kwetu, pombe ya ulezi ikapikwa, wanawake wakaimba za kanisani na zisizo za kanisani. Siku ya kuanua, mama alikwenda langoni mbele ya watu wote. Nilikuwa nimemshika mkono. Alisimama pale mpaka nikadhani amesahau neno lenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Msimsubiri tena." Bibi akamwambia aseme kwa nguvu, hawakusikia. Akasema tena.

Sasa fikiria mwezi wa saba, majira ya baridi. Kwenu pengine baridi ni neno tu. Kwetu asubuhi majani ya maboga yanakauka kama yameunguzwa na moto. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, uwanda uko wazi mpaka upeo wa macho, na mimi na mama tulikuwa langoni na mizigo ya kuni tukipumzika kabla ya kuingia. Tukaona mkokoteni wa ng'ombe unakuja kutoka njia panda. Mwenye mkokoteni tulimjua. Ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake toka huko kwao, akajenga nje ya handaki kwa sababu alisema hawezi kuishi mahali pa kujieleza kwa miti. Ni mtani wetu wa kila siku.

"Wafipa!" aliita kwa mbali. "Nimewaletea mzigo wenu. Lori la mahindi limeushusha njia panda. Unasema ni wa hapa."

Ndani ya mkokoteni, juu ya maganda ya mahindi, alikuwa amelala mtu aliyejifunika blanketi la hospitali. Nikaona miguu kwanza. Myembamba, mikavu, kama miguu ya bibi kizee. Halafu blanketi likashuka, na kichwa kile chenye nywele chache kikageuka, kikatabasamu. Meno yalikuwa ya dada yangu, pengo la mbele na kila kitu. Vingine vyote sikuvijua.

"Mama," alisema. "Shikamoo."

Mama hakuitika marahaba. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akaegemea kuni zake, akakaa chini.

Mimi ndiye niliyepanda mkokotenini. Nilimshika mikono nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, namwambia dada uko hai, uko hai, kana kwamba yeye hakuwa na habari. Alisema hospitali ya Mbeya walimlaza, wakamtoa, akaishi kwa mwanamke mmoja wa kanisani, na alipoona hali haiendi kokote isipokuwa chini akaomba lifti ya malori. "Nimekuja kulala kwetu," alisema. "Sitaki lingine, mdogo wangu. Nimechoka kulala kwa watu."

Nikamwambia Msukuma, "Baba, twende, ingia." Akapiga ng'ombe mjeledi, na hapo ndipo bibi wa lango alipojitokeza katikati ya mikuyu na fimbo yake.

"Simama."

"Bibi, ni dada!"

"Nimemwona. Mimi macho ninayo." Alikuwa ameshika nguzo ya kulia. "Wenyewe hawana. Huyu mtu ameshatajwa kwamba hayupo. Mama yake mwenyewe ametaja, mara mbili, mimi ndiye niliyemwambia arudie. Leo aje aseme ni mimi nimerudi? Watajua ni nani? Watajua ni mzimu unaotaka kuingia kijijini."

Naomba uelewe, wewe unayesoma ukiwa mahali penye taa za umeme. Hakukuwa na mtu hata mmoja pale aliyeona ni upuuzi. Hata mimi. Nilikuwa nimemshika mkono na kuhisi mapigo ya damu yake, na bado nywele zilinisimama.

Watu wakajaa. Kwanza walikuja kwa furaha, wanawake wakipiga vigelegele wakikimbia, na walipofika karibu na mkokoteni vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Nikaona wanavyomtazama shingo, na vidonda vya mdomoni. Nikamsikia mmoja ananong'ona, "Ule ugonjwa wa mjini." Mwingine akasema, "Bibi anasema kweli, lango ni lango." Na waliokuwa hawajajali lango tangu wabatizwe, siku ile wote wakalijali. Ndipo nilipoanza kukata tamaa. Hofu ya chatu ungeweza kubembelezana nayo. Ile nyingine ilikuwa imejificha nyuma yake, na haikutaka kutajwa.

Katekista alikuja akasema haya ni mambo ya kipagani, mgonjwa apelekwe nyumbani kwake mara moja. Tukamwambia basi tangulia wewe, baba, shika ng'ombe kamba uwapitishe. Akashika kamba. Akatazama mikuyu. Akasema ngoja aende akachukue kitabu cha sala, na hakurudi mpaka jioni.

Baba alikuwa shambani akikusanya mabua. Alipofika alipita katikati ya watu, akaenda mpaka mkokotenini, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa binti yake. Dada akafumba macho kama paka. Baba akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayepanga kazi, "Tumpitishe pengoni. Upande wa machweo. Atakuwa ndani kabla jua halijazama."

"Pengoni wanapita maiti," mama alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mke wangu, kuna baridi."

"Mwanangu yuko hai. Nilimwua kwa mdomo wangu mara moja. Sitamwua tena kwa njia."

"Atafia hapa nje, basi! Unataka afie nje?"

"Sitaki afe!" Mama alipiga kelele, na watu wakarudi nyuma.

Basi tukakaa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nyumba yetu ilionekana toka pale, moshi wa jikoni ulionekana, ningeweza kumrushia jiwe kuku wetu, na hatukuweza kufika. Msukuma alifungua ng'ombe akawapeleka kunywa maji, akarudi na magunia ya kumfunika dada na kibuyu cha maziwa. Alikasirika kuliko sisi. Utani ulimtoka kama matusi.

"Wafipa ninyi! Radi mnaweza kuirusha mpaka Mwanza, lakini mgonjwa mmoja kumvusha kwenye kivuli cha mti hamwezi. Ng'ombe wangu wanapita hapo kila siku, mbona hawajamezwa?"

"Ng'ombe wako hawana ukoo," bibi akamjibu.

"Wana ukoo kuliko wewe. Njooni kwangu basi, mlaleni kwangu."

Na kweli ungekuwa ukarimu mkubwa. Nilimgeukia dada nikaona anatikisa kichwa. "Asante, mtani," alisema. "Nimeshalala kwa watu wengi."

Usiku ule tulimkumbatia pande mbili, mama na mimi, ndani ya mkokoteni. Baba alikoka moto upande wa upepo na kuuchochea. Dada alikuwa anatetemeka hadi mbao zinalia. Kulipopambazuka, magunia yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na midomo yake ilikuwa ya bluu, na niliposema naye alichelewa kujibu. Nikajua hatapata usiku mwingine wa namna ile.

Nilishuka nikaenda nyumbani kwa bibi. Yuko pale pale karibu na lango, ukuta wake unaegemea mzizi. Nilipitia langoni, nikajitaja kwa haraka, na nilimkuta anakoroga uji. Sikusalimia. Sijawahi kuingia kwa mkubwa bila shikamoo maishani mwangu.

"Bibi, unajua anakufa?"

"Najua."

"Basi ongea nao! Si unalitunza? Si unawapelekea unga wa ulezi? Waambie mama alikosea!"

"Ningewaambia jana. Unadhani sina moyo? Mimi nafagia tu pale, mtoto. Nafagia na kufinya watoto. Mama yangu alinifundisha mambo mawili: wanaingia waliotoka wakaaga, na wanaingia wachanga wa mgongoni. La tatu hakunifundisha. Nikilibuni mwenyewe na kijiji kikaangamia, nitasema nini?" Akafuta pua kwa kanga. "Nimemchemshia uji. Mpelekee."

Nikaubeba ule uji nikiwa nalia kwa hasira. Mkokotenini mama aliniuliza bibi kasema nini. Nikamweleza kama alivyosema, kwa kejeli, nikaigiza hata sauti yake ya puani: "Wanaingia waliotoka wakaaga, na wanaingia wachanga wa mgongoni!"

Mama alikuwa anamlisha dada kijiko cha uji. Mkono ukasimama hewani.

Akaweka kijiko. Akajifungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni. Akakikung'uta maganda ya mahindi, akakitandaza juu ya ubao wa mkokoteni, akakilainisha kwa kiganja kama mtu anayepanga kitanda. Kisha akageuza mgongo, akachuchumaa, akaniambia, "Mpandishe."

"Mama?"

"Mpandishe mgongoni. Unangoja nini?"

Mama si mwanamke mkubwa. Na dada alikuwa mrefu kuliko sote nyumbani. Lakini nilipomnyanyua chini ya makwapa, mikono yangu iliyokuwa imejiandaa kwa uzito ilimrusha karibu nimwangushe upande wa pili. Hakukuwa na kitu. Alikuwa kama kapu la maganda. Nilimlaza juu ya mgongo wa mama, nikakunja magoti yake yale makavu pande mbili za kiuno, Msukuma akasaidia kukaza kitenge kwa fundo la wachunga ng'ombe. Miguu ilining'inia mpaka karibu na ardhi. Baba alikuja mbio kutoka motoni akanyoosha mikono, asijue ashike wapi.

Mama akainuka. Alipepesuka, akasimama, akatembea mpaka kwenye mikuyu.

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika tena, wamejitanda mablanketi. Bibi alitoka na fimbo yake, akatazama, na nikaona uso wake unatafuta kitu cha kukataa, haukioni. Mwishowe akauliza lile swali linaloulizwa siku zote mchanga anapoletwa.

"Umebeba nini?"

"Nimebeba mgeni," mama akajibu. Ndilo jibu linalojibiwa siku zote.

"Ametoka wapi?"

"Ametoka tumboni mwangu."

"Anaitwa nani?"

"Hajaitwa."

"Tumsikie."

Bibi akasogea nyuma ya mama ili afinye. Aliinua kitenge, akashika paja la dada, akaliachia. Akajaribu mahali pengine. Aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ningemsaidia. Hapakuwa na nyama ya kufinya.

Ndipo dada, kichwa kikiwa kimelala begani kwa mama, alipofungua jicho moja. "Bibi," alisema, "usihangaike. Najua kulia."

Akaanza, "Nyaa! Nyaa!" Kama watoto wanavyocheza. Msukuma akaangua kicheko, na wanawake wengine nao, kicheko cha watu waliobanwa tangu jana. Nami nilicheka. Huyo alikuwa dada yangu wa siku zote. "Nyaa! Mama, maziwa! Nyaa!" Halafu kati ya nyaa moja na nyingine sauti ikavunjika, na kilichofuata hakikuwa mchezo. Alilia. Alilia kwa kinywa wazi, makamasi yakimtoka, bila haya, alilia Tunduma yote na Mbeya yote na malori yote, na hakuweza kunyamaza. Watu wakaacha kucheka. Mama akawa anamtikisatikisa pale pale kati ya mikuyu, taratibu, kulia na kushoto, kama unavyomtikisa mtoto, akimwambia nyamaza, nyamaza mwanangu, tumefika.

"Wamesikia," bibi akasema. "Pita."

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Mimi ni mtu wa kupenda mwisho mzuri, ndoto zangu zote zinaishia na ubao wa rangi mlangoni. Kwa siku mbili tatu nilidhani hivyo. Tulimlaza karibu na jiko, baridi haikumfikia, alikula ugali wa ulezi na mchuzi wa maharage kidogo, akaniuliza hoteli yangu siku hizi inaitwaje. Nikamwambia. Akasema jina baya, nitafute lingine.

Kwa desturi mtoto mchanga akiingia, kila nyumba inakuja kumshika, na kila anayekuja analeta unga au kuni. Mama alifagia ua, akaweka mikeka, akangoja. Bibi wa lango alikuja, akakaa mkekani, akamchukua dada mapajani mwake jinsi unavyomchukua mchanga, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikafika mpaka mlangoni. Mke wa katekista aliweka kuni nje ya ua akaondoka bila kubisha hodi. Wengine hawakuja. Wiki ikapita, mama bado anafagia ua na kutandika mikeka asubuhi, na kuikunja jioni. Lango lilikuwa limemkubali na watu hawakumkubali, na dada, aliyekuwa amelala akitazama ua kupitia mlango, aliliona hilo vizuri kuliko sisi. Siku moja alimwambia mama, "Wakunjie mikeka, mama. Nimeshafika. Hii inatosha."

Alituacha kabla ya mvua za kwanza, mchana, wakati mama akimwosha uso.

Nilitoka uani nikafungua mdomo nipige yowe, ndivyo msiba unavyotangazwa. Bibi alikuwa ameshafika, sijui alijuaje. Akaniziba kinywa kwa kiganja chake kilichonuka moshi.

"Mchanga haliliwi kwa sauti," alisema. "Hajaota meno."

Sikumwelewa. Halafu nikaelewa. Aliingia kama mchanga, na ni kama mchanga atakavyozikwa. Mchanga hana matanga. Hana pombe, hana nyimbo, hana watu wa kulala. Anazikwa na wanawake, chini ya upenu wa nyumba ya mama yake, na wanaume hukaa mbali, maana si msiba, ni jambo la ndani. Na hata tukisema huyu alikuwa mwanamke mzima, matanga ya yule mwanamke mzima yalishawekwa, pombe yake ilishanywewa, kila mtu kijijini alishamlilia na kumaliza. Wangemlilia nani mara ya pili?

Nilimtazama mama nikidhani atakataa, kama alivyokataa pengo. Hakukataa. Alijua tangu alipotandaza kile kitenge. Alikuwa ameshapima, akaona heri binti yake aingie akiwa hai na atoke bila wimbo.

Basi tulichimba wenyewe: mama, bibi, mimi, na mke wa katekista, ambaye siku ile aliingia mpaka ndani. Upenuni pale ardhi ilikuwa kavu kama tofali na majembe yalirukaruka. Shimo la mchanga huwa fupi. Letu ilibidi tulirefushe, na kila tuliporefusha, bibi alitazama pembeni. Wanaume wa kijiji walikuwa wamesimama huko njiani, kofia mkononi, mbali kama inavyotakiwa. Baba alikuwa miongoni mwao.

Mama alichoka. Niliona anainua jembe na jembe linashuka lenyewe.

Baba alitoka kwa wanaume wenzake akaja. Alikuja moja kwa moja, akapita mikeka iliyokunjwa, akafika upenuni, akashika mpini wa jembe lililokuwa mikononi mwa mama.

"Hii ni kazi ya wanawake," bibi akamwambia.

"Najua, shangazi," baba alisema, akainama, akaanza kuchimba.